Kimelea cha ndigana kali hakigusi DNA ya ng'ombe: ni kinasi gani basi inayoilazimisha limfosaiti kugawanyika?

MtafitiChipukizi ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, naomba mnisaidie kulielewa jambo ambalo vitabu ninavyosoma vinalipita kwa haraka. Ninaandaa pendekezo la utafiti wa shahada ya uzamili kuhusu Theileria parva, kimelea kinachosababisha ndigana kali kwa ng'ombe na kuenezwa na yule kupe wa kahawia anayependelea kujishika masikioni. Ninafahamu kwamba kupe anapofyonza damu huingiza sporozoiti, yaani kimelea katika hatua yake ya kuambukiza, pamoja na mate yake, kwamba sporozoiti hizo huingia katika chembe nyeupe za damu aina ya limfosaiti, na kwamba baada ya hapo limfosaiti iliyoambukizwa huanza kugawanyika mfululizo kana kwamba ni chembe ya saratani. Ukiitoa mwilini na kuikuza katika chupa ya maabara, itaendelea kugawanyika kwa muda wote utakaoilisha.

Kinachonitatiza ni hiki. Baadhi ya virusi vinavyosababisha saratani hupachika jeni zao ndani ya DNA ya mwenyeji wao, kwa hiyo mchunguzi anaweza kuonyesha mahali palipoharibiwa. Theileria haifanyi hivyo. Hukaa katika saitoplazimu, nje ya kiini cha seli, DNA yake haichanganyiki na ya ng'ombe, na ikiuawa kwa dawa ya buparvakwoni limfosaiti hupoteza ule uwezo wa kugawanyika bila kikomo. Ninavyoelewa mimi, maana yake ni kwamba jeni za ng'ombe zilikuwa nzima wakati wote, ila zilikuwa zikisomwa kwa amri ambayo kimelea ndicho kilichokuwa kikiichochea.

Mwalimu wangu amenielekeza nisome kuhusu kinasi, yaani vimeng'enya vinavyochukua fosfati kutoka kwenye ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, na kuipachika kwenye protini nyingine, na hasa zile zinazoongoza protini za unukuzi, ambazo hujishika kwenye DNA na kuamua jeni ipi isomwe na kwa kiasi gani. Nimekutana na majina matatu, IKK, JNK na CK2, na kila makala huipa uzito ile inayoichunguza. Naomba kuuliza mambo matatu. Kinasi iliyo katika saitoplazimu huwezaje kuamua kinachosomwa ndani ya kiini? Je, kupachikwa fosfati daima kunamaanisha kwamba protini imewashwa? Na kati ya hizo tatu, ni ipi yenye ushahidi mzito zaidi kwamba bila hiyo limfosaiti iliyoambukizwa haiwezi kuendelea kuishi?

RehemaBayokemia amejibu:

Ndugu MtafitiChipukizi, umelishika jambo lenyewe pale uliposema kwamba buparvakwoni hurudisha mambo nyuma, kwa kuwa hoja zote zitakazotolewa hapa zitapimwa kwa ukweli huo mmoja.

Swali lako la kwanza nitalijibu kwa kutumia NF-κB, protini ya unukuzi ambayo Ranjan Sen na David Baltimore waliitambua mwaka 1986. Katika limfosaiti iliyotulia, NF-κB haikosekani. Ipo tayari katika saitoplazimu, lakini imeshikwa na protini nyingine iitwayo IκB, inayoifunika ile sehemu ambayo ingeiwezesha kupitishwa kwenye kiini. Seli ikipata ishara kutoka nje, kwa mfano ishara ya kuwapo kwa bakteria, kinasi iitwayo IKK huwashwa. IKK ni mkusanyiko wa protini tatu: IKKα na IKKβ, ambazo ndizo zenye uwezo wa kupachika fosfati, pamoja na NEMO, ambayo haipachiki chochote bali huziunganisha hizo mbili na kuzifikishia ishara. Sasa angalia kwa makini: ili kuifungulia njia NF-κB, IKK haihitaji kugusa DNA wala kuingia katika kiini. Inapachika fosfati kwenye IκB, katika serini (moja ya asidi amino zinazounda protini) ya 32 na ya 36. Fosfati hizo mbili huifanya IκB itambuliwe na vimeng'enya vinavyoibandika mnyororo wa protini ndogo iitwayo ubikwitini, na protini iliyobandikwa mnyororo wa aina hiyo hupelekwa kwenye proteasomu, mtambo wa seli wa kuharibu protini, ikakatwakatwa. NF-κB, ikiwa imeachiliwa, huingia katika kiini na jeni zake huanza kusomwa. Kwa hiyo kinasi hii huamua kinachosomwa kwa kuamua protini ya unukuzi ikae wapi.

Katika limfosaiti nzima jambo hili hudumu kwa muda mfupi, na sababu yake inapendeza. Moja ya jeni zinazosomwa kwa amri ya NF-κB ni jeni ya IκB yenyewe. IκB mpya hutengenezwa, huingia kiini, huishika NF-κB na kuirudisha saitoplazimu, na kama ishara ya nje imekwisha, IKK nayo imetulia na seli inarudi katika hali yake ya awali. Katika limfosaiti yenye Theileria, IκB mpya hutengenezwa vilevile, lakini kila inapotengenezwa inaharibiwa tena, kwa sababu IKK haitulii.

Haitulii kwa nini? Mwaka 2002 Volker Heussler, Dirk Dobbelaere na wenzao walichapisha katika jarida la Science uchunguzi ambao ningekushauri uusome neno kwa neno. Walizitia rangi ing'aayo protini za IKK ndani ya limfosaiti zilizoambukizwa, na badala ya kuziona zimesambaa katika saitoplazimu nzima, waliziona zimekusanyika katika madoa madoa juu ya uso wa skizonti, yaani kimelea chenyewe katika hatua yake ya kuishi ndani ya limfosaiti. Zikishasongamana mahali pamoja, IKK zinaweza kuwashana zenyewe kwa zenyewe bila kungoja kipokezi chochote cha nje. Kimelea kikiuawa, madoa hayo hutoweka na IKK hupoa.

Nikija kwa swali lako la tatu, kura yangu naipa IKK. NF-κB ikizuiwa katika limfosaiti T zenye Theileria parva, limfosaiti hizo hufa kwa apoptosisi, kile kifo cha seli kinachoendeshwa na seli yenyewe, ijapokuwa kimelea bado kimo ndani. Huo ni ushahidi wa uhitaji, kwa sababu kinasi ipo, kimelea kipo, kilichoondolewa ni kazi ya NF-κB ambayo kinasi huifungulia njia, na seli ikashindwa kuishi.

DaktariWaMifugo_Simanjiro amejibu:

Nawashukuru nyote wawili. Mimi si mtu wa maabara za molekuli, bali nimetibu ndigana kali kwa miaka mingi, na ningependa wasomaji wasio wataalamu waone haya mnayoyaeleza yanavyoonekana kwa macho.

Ng'ombe mwenye ndigana kali kwanza huvimba matezi, na mara nyingi lile lililo chini ya sikio ndilo hutangulia, kwa sababu kupe wamejishika masikioni na tezi hilo ndilo linalopokea maji ya mwili yanayotoka huko. Joto la mwili hupanda hadi nyuzi 40 na zaidi, mnyama huacha kula, na mifugo wa maziwa hukauka. Unachoma sindano kwenye tezi lililovimba, unavuta kidogo, unapaka kwenye kioo, unakausha, unatia rangi ya Giemsa na kuangalia kwa hadubini. Utaona limfosaiti kubwa kuliko kawaida, na ndani ya saitoplazimu yake, pembeni mwa kiini, kipande cha rangi ya bluu hafifu chenye vidoa vya zambarau iliyokoza. Kila kidoa ni kiini kimoja cha kimelea, na kile kipande chote ni skizonti moja yenye viini vingi. Ndiyo miili tunayoiita ya Koch, kwa jina la Robert Koch aliyeieleza mwanzoni mwa karne ya 20. Ukibahatika, utaikuta limfosaiti iko katikati ya kugawanyika na skizonti imenyooka katikati yake ikigawanywa pamoja nayo, kila upande ukiondoka na sehemu yake.

Tezi lile halivimbi kwa usaha. Linavimba kwa sababu limejaa limfosaiti ambazo IKK yenu hiyo imezinyima ruhusa ya kufa. Baadaye hizo limfosaiti husambaa mwilini na kuvamia mapafu, mapafu hujaa maji, povu hutoka puani, na mnyama hufa kwa kukosa pumzi. Nimesimama mbele ya wafugaji wakilia kwa ajili ya ndama wa kwanza wa mtamba waliyemnunua kwa mkopo, na ndiyo maana nawaomba mnaosoma mambo haya msichoke.

Swali langu ni la kiutendaji. Buparvakwoni tunaichoma kwenye msuli kwa kipimo cha miligramu 2.5 kwa kila kilo ya uzito wa mnyama, na inaponya vizuri ikitolewa mapema, lakini bei yake ni mzigo kwa mfugaji mdogo. Binadamu wenye saratani wanatibiwa kwa dawa zinazozuia kinasi. Je, hatuwezi kuwa na dawa inayozuia IKK ya ng'ombe?

MwalimuWaSeli amejibu:

Nimefurahi kuona mjadala wa namna hii katika lugha yetu, na nitajitahidi kujibu bila kuyarudia yaliyokwisha kusemwa vizuri.

Ndugu MtafitiChipukizi, jibu la swali lako la pili ni hapana, na ningependa ulikazie sana katika pendekezo lako, kwa sababu wanafunzi wengi huandika kwamba protini imetiwa fosfati wakimaanisha kwamba imewashwa. Fosfati ni kundi dogo lenye chaji hasi. Likipachikwa kwenye serini, threonini au tairosini hubadilisha umbo la protini pale lilipopachikwa na hubadilisha ni protini gani nyingine zitakazoweza kujishika hapo. Kitakachofuata hutegemea ni mahali gani palipotiwa fosfati na ni nani anayepatambua. Dada Rehema ameonyesha fosfati inayosababisha IκB iharibiwe. Chukua mfano mwingine, FOXO, familia ya protini za unukuzi ambazo mwili ukiwa na njaa hukaa kiini na kusomesha jeni za kujihifadhi. Insulini inapofika, kinasi iitwayo Akt huzitia fosfati, protini ziitwazo 14-3-3 huzishika kwa fosfati hizo, na FOXO hutolewa kiini na kuzuiwa saitoplazimu. Hapo fosfati imezima. NFAT, protini nyingine ya unukuzi ambayo limfosaiti T huihitaji ili ziitikie maambukizi, hukaa saitoplazimu ikiwa imejaa fosfati, na huingia kiini pale tu kimeng'enya cha kalsinyurini kinapoziondoa. Dawa ya saiklosporini wanayopewa watu waliopandikizwa figo hufanya kazi kwa kuzuia uondoaji huo. Kwa hiyo kila unapochunguza kinasi, uliza pia ni fosfatasi ipi inayofuta kazi yake, kwa maana kiwango cha fosfati unachokiona ni matokeo ya vyote viwili.

Kuhusu swali la tatu, ninakubaliana na Dada Rehema kwamba IKK ina ushahidi wa nguvu katika suala la kuishi. Sikubaliani kwamba tumpe ushindi mshiriki mmoja. Kutokufa ni jambo moja, kugawanyika ni jambo la pili, na kuvamia tishu nyingine, ambako Daktari ametueleza ndiko kunakoua mnyama, ni jambo la tatu. JNK ndiyo inayoonekana zaidi katika hilo la tatu. Kinasi hii hupachika fosfati kwenye c-Jun, ambayo ni protini ya unukuzi, katika serini ya 63 na ya 73, zilizo katika ile sehemu ya c-Jun inayovuta mitambo ya unukuzi. Tofauti na NF-κB, c-Jun huwa tayari iko ndani ya kiini, na fosfati haiihamishi popote, bali huiongezea uwezo wa kusomesha jeni. Pamoja na wenzake hutengeneza mkusanyiko uitwao AP-1, na miongoni mwa jeni zinazosomwa kwa amri ya AP-1 ni ile ya MMP9, kimeng'enya kinachoyeyusha nyuzi zinazozishikilia seli mahali pake. Limfosaiti yenye kimeng'enya hicho kwa wingi inaweza kupenya.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu c-Jun ambalo linaonyesha werevu wa vimelea hivi. Katika seli ya kawaida, c-Jun hutiwa fosfati mahali pengine, na kinasi nyingine, na fosfati hiyo humwita mwondoaji aitwaye FBW7 ambaye huifikisha c-Jun kwenye proteasomu. Mwaka 2015 kundi la Jonathan Weitzman la Paris lilionyesha katika jarida la Nature kwamba Theileria annulata, ndugu wa karibu wa Theileria parva, hutoa protini iitwayo TaPin1 inayoingia katika seli ya ng'ombe na kusababisha FBW7 yenyewe iharibiwe. Matokeo yake c-Jun hukaa muda mrefu kuliko inavyostahili. Hapo kimelea hakikuwasha kinasi yoyote. Kimemwondoa msomaji wa fosfati. Ukiipima kinasi peke yake, jambo kama hilo litakupita.

Sasa CK2, ambayo kwangu ina uzito wa pekee kwa kuwa sehemu kubwa ya kisa chake ilifanyika Nairobi. Mwaka 1993 timu ya Onesmo ole-MoiYoi, katika maabara ya ILRAD iliyokuja kuunganishwa na taasisi nyingine na kuwa ILRI, ilichapisha ushahidi kwamba limfosaiti za ng'ombe zilizobadilishwa na Theileria parva zina CK2 nyingi na yenye utendaji mkubwa kuliko limfosaiti zisizo na kimelea. Miaka miwili baadaye David Seldin na Philip Leder, nchini Marekani, walilichukua wazo hilo na kulijaribu kwa namna ya moja kwa moja. Walitengeneza panya ambao limfosaiti zao hutoa kwa ziada kipande cha CK2 kinachopachika fosfati, bila kimelea chochote, na baadhi ya panya hao wakapata saratani ya limfosaiti. Walipowachanganya na panya wenye ziada ya c-Myc, ambayo nayo ni protini ya unukuzi, saratani ya damu ilijitokeza mapema mno, panya wakiwa bado wachanga. Ugonjwa wa ng'ombe wa Afrika Mashariki uliwaelekeza watafiti wa saratani mahali pa kuangalia, na ninasikitika kwamba wanafunzi wetu wengi humaliza shahada bila kulisikia hilo.

CK2 ni kinasi ya aina yake. Nyingi huwashwa na kuzimwa, lakini hii haihitaji kuwashwa. Mara tu inapotengenezwa iko kazini, na inaweza kutumia GTP badala ya ATP. Hupenda serini na threonini zinazofuatwa na asidi amino zenye chaji hasi, na protini zenye mfuatano huo ni nyingi sana, zikiwemo IκB na p65, ambayo ni sehemu ya NF-κB. Kwa sababu hiyo siioni kama mshindani wa IKK. Ninaiona kama kinasi inayoongeza nguvu katika njia ambazo wengine wamezifungua.

Daktari, swali lako ni zito na nitalijibu kwa uwazi. Dawa za kuzuia IKK kwa ng'ombe sizitarajii. IKK hiyohiyo ndiyo ambayo limfosaiti nzima za mnyama huitumia kupambana na kila ugonjwa mwingine, kwa hiyo ukiizima mwilini kote utamwacha ng'ombe mgonjwa bila kinga. Pili, mfuko ambamo ATP hukaa unafanana sana kati ya kinasi na kinasi, na binadamu peke yake ana zaidi ya 500, hivyo dawa iliyokusudiwa moja huweza kuzigusa nyingine. Tatu ni mabaki ya dawa katika maziwa na nyama, na nne ni ile bei uliyoitaja, ambayo kwa dawa za aina hiyo ingekuwa kubwa zaidi. Buparvakwoni ina faida kwamba inalenga saitokromu b, protini iliyo katika mitokondria ya kimelea chenyewe. Hofu yangu iko kwenye usugu, kwa kuwa katika Theileria annulata vimelea sugu vyenye mabadiliko katika jeni hiyo vimekwisha kupatikana, Tunisia na Iran zikiwa miongoni mwa nchi hizo. Kwa mfugaji wa Simanjiro, kuogesha mifugo na ile chanjo ya kuambukiza na kutibu kwa pamoja, ambayo humpa ng'ombe sporozoiti hai za aina tatu za kimelea, Muguga, Kiambu 5 na Serengeti, siku moja na dawa ya oksitetrasaiklini ya muda mrefu, bado ndiyo kinga ya maana.

MtafitiChipukizi ameandika:

Mwalimu, Dada Rehema na Daktari, nawashukuru sana. Sasa ninaelewa kwamba nilikuwa ninauliza kinasi ipi ni mkuu wakati nilipaswa kuuliza kila kinasi inabadilisha nini katika protini ya unukuzi: mahali inapokaa, nguvu yake, au muda inaoishi.

Nina fikra ya jaribio. Ninataka kuchukua limfosaiti zilizoambukizwa, nizigawe mara mbili, sehemu moja niitie buparvakwoni na nyingine niiache, kisha nipime fosfati kwenye IκB na kwenye c-Jun. Fosfati ikipungua katika sehemu yenye dawa, nitahitimisha kwamba kimelea ndicho kilichokuwa kikiziwasha IKK na JNK. Je, hoja hiyo itasimama?

RehemaBayokemia amejibu:

Itasimama ukiiongezea nguzo kadhaa. Ya kwanza ni limfosaiti zisizo na kimelea, zilizochochewa kugawanyika kwa konkanavalini A, nazo zitiwe buparvakwoni kwa kipimo kilekile na kwa muda uleule. Bila hizo, mtahini atakuuliza umejuaje kwamba dawa yenyewe haipunguzi fosfati katika limfosaiti yoyote ya ng'ombe, na hutakuwa na la kumjibu.

Ya pili inahusu IκB, na hapa wengi hukwama. IκB iliyotiwa fosfati haikai. Inaharibiwa karibu papo hapo. Unaweza kupima seli ambayo IKK yake inafanya kazi usiku na mchana na usione fosfati yoyote, kwa sababu kila IκB iliyopata fosfati imeshakatwakatwa. Wala kiasi cha jumla cha IκB hakitakusaidia sana, kwa sababu inatengenezwa upya kadiri inavyoharibiwa na inaweza kuonekana ya kawaida. Ziwekee seli zako kizuizi cha proteasomu kama MG132 kwa muda mfupi kabla ya kuzivunja, ndipo IκB yenye fosfati itakapojikusanya na kuonekana. Sambamba na hilo, tenganisha kiini na saitoplazimu kisha upime p65 katika kila upande, kwa sababu mahali ilipo NF-κB ndipo hitimisho lenyewe.

MwalimuWaSeli amejibu:

Nakubaliana na Dada Rehema kwa yote, nami nitaongeza machache. Usipime mara moja tu baada ya dawa. Chukua sampuli kwa saa tofauti, kuanzia mapema kabla seli hazijaanza kufa, kwa sababu JNK huwashwa pia na dhiki ya aina nyingi, na seli inayokufa imo katika dhiki. Ukichelewa unaweza kukuta JNK imepanda kwa sababu isiyohusiana na kimelea. Kumbuka pia kwamba si kila limfosaiti T iliyoondolewa kimelea hufa mara moja. Nyingine hutulia, na zikichochewa upya kwa konkanavalini A au kwa intalukini-2 huweza kugawanyika tena kama limfosaiti ya kawaida. Hizo ni hazina kwako. Ukizipima zikiwa zimetulia, kisha ukazipima zilipochochewa, utakuwa na seli zilezile zenye jeni zilezile katika hali tatu, na hoja yako kwamba tatizo lilikuwa amri na si DNA itakuwa imejengwa vizuri zaidi kuliko kwa kulinganisha sehemu mbili.

Wakati wa kuvunja seli, fanya kazi juu ya barafu na utie vizuizi vya fosfatasi, floridi ya sodiamu na orthovanadati ya sodiamu, kwenye kimiminika cha kuvunjia kabla hakijagusa seli. Fosfatasi hazijui kwamba seli imekufa. Zitaendelea kuondoa fosfati ndani ya kijichupa chako, na utakachokisoma kesho yake kitakuwa kazi yao. Jambo la mwisho ni kingamwili. Nyingi zinazouzwa kwa ajili ya IκB na c-Jun zenye fosfati zimetengenezwa kwa kutazama protini za binadamu au panya. Linganisha mfuatano wa asidi amino unaoizunguka serini husika na ule wa ng'ombe kabla ya kuagiza, na ukipata kingamwili, ijaribu kwanza kwenye sampuli ambayo nusu yake umeiondoa fosfati kwa makusudi kwa kutumia fosfatasi. Kama alama haitoweki katika nusu hiyo, kingamwili hiyo haisomi fosfati, na utafute nyingine.